Kilio cha Mapema

"Boti na kengele wapi na wapi, mama?"
Litunu ananiuliza, huku akivipangusa
kwa mkono wa shati, vitatu, juu ya kaunta,
duka la Chikongola, mchana wa jua kali.

Cha elfu ishirini na tano nakigeuza.
Mgongoni kina picha ya mwali wa moto.
Hiki kinanusa moshi, namwambia.
"Kwani moshi na gesi si mamoja?"

Si mamoja, mwanangu.
Moshi una adabu. Hupiga hodi,
hukuwasha macho, hukukohoza, unaamka ukiutukana.
Huyu ninayemwogopa hana rangi, hana harufu,
hana hata kishindo cha paka.
Hutoka kwenye jenereta, akajilaza kando yako
kama ndugu aliyechoka.

Cha pili ni cha nyumbani, cheupe, kina waya wa ukutani.
Ukuta gani? Boti yangu ina mbavu,
na mbavu zenyewe hutoka jasho la chumvi
mpaka misumari inaota kutu kama upele.

Kinabaki kile kilichozibwa kwa mpira,
kisichojali maji wala mtikisiko.
Laki moja na themanini na tano.
Litunu anaitaja bei akitazama mlangoni.
Naipima kwa korosho, kama tufanyavyo huku:
robo tatu ya gunia, mnada ukiwa mzuri,
na ushirika ukiwa haujakata chake.

Sikumwambia habari za Nampembe.

Tulitia nanga Msimbati, mvua ikatukuta.
Wao wakajifungia chini, mfuniko ukabanwa,
jenereta likanguruma humo humo ndani
kwa ajili ya friza la pweza na simu.
Mimi nilibaki juu na turubai langu,
nikigombana na matone.
Alfajiri Nampembe akapanda hadi ngazi ya tatu,
akayumba, akaketi, akashika kichwa,
akacheka bila sababu.
Watu wakasema: uraka huo, si msimu wa mabibo?
Nampembe, ambaye uraka hakuwahi hata kuulamba.
Akarudi kulala.

Saa mbili nikashuka na chai na ming'oko ya moto.
Shaibu wangu, kule mwisho karibu na ufa wa mbao,
alikuwa akitapika.
Nampembe hakuwa akifanya lolote.
Kucha zake zilikuwa nyekundu, nyekundu nzuri,
kama bibo lililoiva likaanguka lenyewe.

Nimesema hapo juu, watu wakasema.
Watu gani? Tulikuwa watatu botini.
Mmoja ndiye aliyeyumba, mmoja alikuwa hajitambui.

Nakipindua. Nyuma wamepiga mhuri
wa mwaka wa kufa kwake: miaka saba,
halafu pua yake huzeeka,
hata taa ikiwaka usiiamini.
Kwa hilo nimekipenda.
Nawajua wazee wa pua wasiotaka kuandikwa tarehe.

Nabonyeza kitufe. Kinalia.
Duka zima linageuka, bodaboda nje anazima pikipiki,
Litunu anaziba masikio: "Kelele mno, eti?"
Bonyeza tena, namwambia.
Nataka kusikia kama kinaweza
kumwamsha mtu ambaye mwenzake
ameshamwita mlevi.

Jenereta sasa linakaa nje, tezi, upepo unakopeleka.
Kengele si dawa, najua.
Nimeifunga usawa wa mto wa Shaibu,
si juu ya jiko, si kwenye tundu la hewa,
pale pale pua yake inapofika akilala chali.
Skrubu mbili. Ya tatu ilidondoka majini.

Kila Ijumaa, kabla ya kung'oa nanga Mikindani,
naijaribu. Boti za jirani hunitania:
"Mama Shaibu! Kilio hicho, mna msiba?"
Nawajibu: tulikuwa nao.
Kisha nawasha injini.