Anashukuru

Kila Ijumaa saa tisa, ofisini Kirumba,
wageni hufungua madaftari yao ya bluu
yenye maswali yaliyochapwa juu ya kila ukurasa:
Wiki hii ulimsikiliza nani? Ulijisikiaje?
Mimi nagawa kalamu. Nafunga dirisha,
maana wadudu wa ziwani wamepanda kama moshi
na akiingia mmoja wameingia wote.
Mkalimani hana daftari.

Maren alikaa nasi miezi minne.
Jumanne na Alhamisi tulipanda Mabatini,
mimi mbele, yeye nyuma na mfuko wa glavu na unga wa uji,
tukipenya kati ya majabali
mpaka kwa Nyanzobe, anayemuuguza mumewe
chini ya jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe.

Nyanzobe husema sana. Kisukuma chake kina mikunjo.
Siku ya kwanza alisema:
"Mbona huyu mtoto wa watu anainama
kama aliyevunja chungu cha jirani? Mpe kigoda.
Unga ninao. Niulizeni usiku ninalala saa ngapi."
Nikamgeukia Maren:
"Anashukuru."

Sikuona kama ni uongo. Nilikuwa na nyumba tisa za kufika
na fomu ina mstari mmoja tu wa maoni ya mlengwa.
Anashukuru
linaenea pale bila kukunjwa.

Wiki ya kumi na moja, tukishuka, Maren akasimama.
Chini yetu mabati, chini ya mabati ziwa,
kivuko cha Kamanga kikirudi taratibu na malori yake.
Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:
"Bwana Shija. Mama anasema dakika tano.
Wewe unasema neno moja.
Maneno mengine unaweka wapi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tulivyolelewa.
Hakuna aliyetuambia tuulize mwenyeji anaumwa nini.

Tulirudi juu. Magoti yangu si ya kupanda mara mbili kwa siku.
Nikakaa sakafuni, nikatafsiri yote,
la kigoda, la usiku,
hata lile la "msinipige picha na kitenge hiki."
Ilichukua mpaka jirani akawasha mkaa.
Maren hakuandika kitu. Aliinuka akaosha vikombe.
"Anaosha vibaya," akasema Nyanzobe.
Na hilo nikalitafsiri.
Wakacheka, mmoja kwanza, mwingine baadaye,
kwa kuwa kicheko kilinisubiri nimalize.

Ameshaondoka. Amekuja mwingine, mrefu, hapendi dagaa.
Ijumaa hii, wageni walipokwenda,
nilichukua daftari moja kabatini nikaketi.
Wiki hii ulimsikiliza nani?
Nikaandika: Miaka sita. Nyumba tisa.
Nikaanza kuorodhesha, kwa jina na alichosema,
nikakwama kwenye jina la kwanza,
Mzee Kulwijila wa Igogo, marehemu,
aliyenishika mkono siku ile, akaongea, akaongea,
na mimi ninachokumbuka
ni neno langu.