Unyaufu

Kompyuta ilinikataa siku ya kwanza.
Niliweka kidole gumba: jaribu tena.
Cha shahada: jaribu tena.
Mwalimu Asumini akaushika mkono wangu,
akaugeuzia kwenye mwanga wa dirisha
kama anayekagua korosho iliyoingia ukungu.
Vidole laini kama sabuni iliyokwisha. Havina hata mstari.

Miaka kumi na mmoja ya kubangua, nikamwambia.
Mafuta ya ganda hula ngozi, hula kucha,
hula hadi kile kinachokutofautisha na jirani yako.
Tulijipaka majivu. Majivu yalitusitiri mpaka saa nne.

"Basi chagua neno la siri," akasema,
"neno ambalo hata ukiwa na homa hutalisahau."
Nikaandika jina la mama.

Tulikuwa wanawake kumi na tisa, Newala,
chumba cha nyuma cha kituo cha walimu,
umande wa asubuhi ukituingilia dirishani bila hodi.
Bi Sikuzani, miaka hamsini na sita,
alikishika kipanya kwa ncha za vidole viwili
kama kilichofia ghalani.
Mume wa Hadija Nammole alikuja mara tatu kuchungulia
kama kweli tunasoma.
Mara ya nne alikuja na kigoda chake.

"Data hutoka shambani chafu," mwalimu alisema,
nasi tukacheka, maana hilo
hatukuhitaji kufundishwa.
Tunajua kumenya ngozi nyembamba bila kuvunja kokwa.
Tunajua nzima, nusu, vipande, chenga,
na kwamba chenga haitupwi, huulizwa ilipasukia wapi.
Jipya lilikuwa moja tu, nikalinakili kiganjani:
seli tupu si sifuri.
Sifuri, mtu amehesabu akakosa.
Tupu, hakuna aliyehesabu.

Wiki ya tano tukapewa madaftari ya chama cha msingi,
misimu sita, mwandiko wa makarani wanne,
mmoja wao saba zake huwezi kuzijua na moja.
Kilo za mizani ya kijijini. Kilo za ghala kuu.
Kando yake safu nyembamba: unyaufu.
Korosho hukauka, hupungua, nani asiyejua.

Safu ya jina ndiyo iliyonichelewesha kula.
Mke wa Chitanda. Mjane, mtaa wa chini.
Mama Pacha. Yule wa kwa Mpota.
Halafu tupu, tupu, tupu.

Nikaiamuru mashine ichore.
Nukta za wenye majina zikatambaa chini, zimeshikana
kama siafu wanaohama.
Nukta za wasio na majina zikaruka juu
kama kumbikumbi wa mvua ya kwanza.
Ghala lile lile. Wiki ile ile.

Karani, tulipompelekea, alisema ni jua.
Bi Sikuzani akavuta kiti:
"Mwanangu, tangu lini jua likajua kusoma daftari?"

Hakujibu. Bado hajajibu.
Kikao kimeahirishwa mara mbili,
nasi tunaongeza kurasa.

Mama nilimpata mstari wa elfu mbili mia tatu na nne.
Mjane, mtaa wa chini.
Kilo mia tatu kumi na mbili zilitoka kijijini,
ghalani zikafika mia mbili themanini na tisa.
Nilimpigia simu. Akanyamaza,
kisha akauliza kama hiyo mashine
imeandika na salfa aliyoikopa.

Kila asubuhi nalichapa jina lake ili nifunguliwe,
na kila herufi inageuka nukta nyeusi,
asije mtu akalisoma.
Leo nimesogeza kishale hadi kwenye safu ile,
nikalichapa polepole, kwa vidole hivi hivi:
Somoe Hamisi Nangomwa.
Likabaki herufi.