Mchoro wa Kumi na Nne

Mchoro wa kwanza ulikuwa na miguu minne,
chuma mshazari juu ya chuma mshazari,
kama kitanda cha besera kilichopandishwa ghorofa.
Niliupenda. Kina mita sitini,
mchanga, na chini ya mchanga mwamba:
nguzo zipigiliwe mpaka zikatae.

Kisha wakubwa wakaisogeza alama kwenye ramani.
Kidole tu, sentimita moja magharibi ya Fundo,
na bahari ikadondoka:
mita mia nane.

Mguu wa mita mia nane haupo.
Kwenye hesabu upo; hesabu haikatai kitu,
hukuachia jibu likuaibishe:
chuma ambacho ukikilaza kinavuka
kutoka Wete hadi kwetu na chenji inabaki.
Nikaifuta miguu.
Kisichosimama sharti kifungwe.

Likizo ya Idi nikarudi na kompyuta begani.
Mama, Bi Chumu Kombo, yuko sakafuni,
rundo la taitai mapajani,
anafunga mwani mche kwa mche
kwa fundo lisilolibana shina wala kuliachia.
Akatupia jicho kioo.
"Hili lina miguu?"
"Halina. Linaelea. Nyaya kumi na mbili, nanga kumi na mbili."
"Mmezikaza?"
Nikasita. Hapo ndipo nilipokwama wiki tatu.

Zamani vijiti vilitosha.
Bamvua likitoka, wanawake walishuka
wakapigilia mistari yao, maji ya magotini,
wakarudi kabla jua halijachoma visigino.
Halafu maji yakapata homa.
Mwani ukageuka mweupe vidoleni, ukakatika,
msimu huu, na msimu ule,
hadi wakaambiwa: nendeni kwenye kina.
Mama alijifunza kuogelea ana miaka hamsini na mbili,
na dera lake, na dumu tupu la mafuta
limefungwa kifuani.

Kamba yake ya kwanza ya kuelea
aliikaza kama ya kuanikia nguo.
Maji yalipojaa ikazama na maboya yake,
yalipochafuka ikakatika.
Ya pili akailegeza mno,
akaikuta asubuhi imejisokota kama msuko wa mtoto mtukutu.
Ya tatu hakunisimulia.
Ya tatu ipo mpaka leo.

Usiku nikafungua hesabu.
Lipo wimbi tunaloliita la miaka mia:
hakuna aliyeliona, na kila kitu kinapimwa kwalo.
Nikarefusha nyaya. Nikaliita lije.
Likaja kimya ndani ya kioo,
jukwaa likaenda nalo mita arobaini,
na waya wa upande wa pili ukajiinua
kutoka sakafu ya bahari, taratibu,
kama mtu anayeondoka mkekani kumpisha mgeni,
kisha ukarudi ukalala.
Nikacheka peke yangu. Mama akakohoa chumbani.

Asubuhi akauliza watakaa wangapi huko.
"Mia na ishirini. Kwa zamu."
"Wajua kuogelea?"
Nikasema watavaa maboya.
"Hata mimi nilivaa," akasema,
akavuta taitai nyingine kwa meno.

Kitu kimoja sikumwonyesha.
Kwenye mchoro wa kumi na nne kuna mstari mwekundu,
bomba la kuileta gesi nchi kavu,
umenyooka, kwa kuwa kunyooka ni rahisi,
na unapita katikati ya kamba yake ya tatu.
Niliuchora mwenyewe, mwezi wa tano,
sijajua bado pale pana nani.

Boti ya Wete ilichelewa.
Nikakaa gatini, kompyuta magotini,
nikalipinda bomba kuelekea kusini.
Kilomita moja na nusu zaidi, na fedha zake.
Chini ya mchoro pana kisanduku:
*Sababu ya mabadiliko.*
Nikaandika neno moja: Fundo.
Mhandisi Shaame atadhani
nimetaja kisiwa.