Kadibodi ya Asubuhi

Kila asubuhi, kabla ya chai, nainama chini ya Pijo
nichomoe kadibodi niliyoilaza usiku.
Naisoma kama wengine wasomavyo gazeti:
tone la kijani, kushoto, kubwa kama shilingi ishirini,
hiyo ni paipu ya chini.
Madoa matatu ya kutu, yamekaa kama mafiga,
hiyo ni rejeta yenyewe, imeanza tena.
Paka wa Mama Riziki huja kulamba. Namfukuza.
Yana utamu yale maji, utamu wa kuua.

Niliinunua kwa bwana shamba mstaafu wa Msabaha,
injini imeshafunguliwa mara mbili, naye akiapa haijaguswa.
Kazi yake kwangu: viti mia na ishirini vya plastiki,
maturubai mawili, nguzo, sufuria za kukodisha.
Arusi na matanga. Sijui kingine kikusanyacho watu
kutoka Ganda hadi Marereni.

Nimeifunga kwa tyubu ya baiskeli. Nimeipaka sabuni ya kipande.
Mwaka juzi, kwenye mwinuko wa Kakuyuni,
nilivunja yai nikatia ute, kisha bizari,
kwa ushauri wa muuza mkaa mmoja,
na njia nzima mvuke ukanukia pilau
hata watoto wakatukimbilia wakidhani ni arusi.
Yalikuwa matanga.
Maiti hakuwa na haraka. Wenye maiti ndio
waliokaa juani juu ya magogo, wakinitazama nikishusha viti
saa nane mchana, kiganja kimebabuka.
Mfiwa mwenyewe akaniletea maji kwa kata,
nami nisijue kama ni yangu au ya gari.
Nikanywa nusu.

Usipoziba ufa, wasema, utajenga ukuta.
Nyufa nimeziba, na ukuta nimejenga vilevile:
rejeta ya mtumba kutoka Mombasa, wota pampu, klipu kumi na mbili,
na karo ya Chengo ikachelewa muhula mzima.

Fundi Lali wa Maweni alichungulia kwenye kifuniko,
akachovya kidole, akakilamba, akatema.
"Dama, waipa maji gani hii?"
"Ya kisima."
"Kisima cha hapo kwenu? Yana munyu hayo, yala chuma.
Hata punda hapewi maji haya."
"Sisi," nikamwambia, "twayanywa hayo hayo.
Mfereji tangu Ramadhani wakohoa upepo tu."
Akafuta kidole kwenye ovaroli. Akakifuta tena.
Siku ile hakunitoza ufundi.

Sasa nina madumu mawili nyuma ya kiti:
moja la kulanti, nayoipima kwa kizibo cha soda,
moja la maji ya mvua, niliyoyakinga batini mwezi wa tano.
Watoto wajua, lile la mvua haliguswi.
Nimewahi kuwakuta wakiliangalia.

Leo kadibodi ni kavu.
Nimeigeuza. Kavu. Nimeipeleka penye mwanga wa mlango
nikaipapasa kama paji la mtoto aliyekuwa na homa.
Lali alinionya: iogope siku isiyovuja nje.
Gari lililozoea kulia halinyamazi bure.
Gasketi ikichoka, maji hupita ndani kwa ndani,
huungua humo humo, hutoka nyuma yakiwa moshi,
nawe waendesha, wapiga honi, wasalimu watu.

Gongoni kuna arusi. Viti vimeshapakiwa.
Nimewasha. Chengo nimemsimamisha nyuma ya ekzosi,
na yunifomu yake, na kipande cha muhogo mkononi.
"Moshi gani?"
"Wa kawaida."
"Kawaida gani?"
Anatafuna kwanza.
"Mweupe kidogo. Kama wa chai."

Nazima. Nashuka. Nalitoa dumu la mvua nyuma ya kiti,
nalitikisa, nasikiliza limebaki kiasi gani.
Kisha namwambia Chengo alete kikombe,
anywe yeye kwanza.