Kidole cha Nne

Mashine imekikataa kidole gumba.
Imekikataa na cha shahada.
Kijana wa vitambulisho ananipa kitambaa cha spiriti:
"Futa, mama. Bonyeza tena."

Nabonyeza. Kioo kinawaka kijani, kinazima.

Mwanangu, sikuzifuta alama kwa makusudi.
Ni maganda. Misimu kumi na tisa
nabangua korosho hapa hapa Newala,
na mafuta yake hula ngozi polepole
kama deni la dukani.
Zile nyeupe, nzima, za daraja la kwanza,
zimeondoka na mistari yangu,
zimevuka mipaka
bila kuulizwa kitambulisho.

"Jina la tatu?"
Chihako.
Kadi ya kliniki iliandika Chiako,
mtendaji wa kijiji akaandika Kihako.
Andika utakalo, mimi naitika yote.

Foleni inaguna. Mmoja anasema, apake majivu.
Mwingine, limau.
Nimepaka vyote tangu Jumatatu,
tangu laini yangu ya simu ifungwe
na hela ya mauzo ikabaki humo ndani.

Basi jaribu hiki. Cha nne, mkono wa kushoto,
kisichoshika kisu wala ganda,
kilichovaa pete miaka miwili tu
kisha kikapumzika.

Ti!

Kumbe.
Vidole tisa vimelea watoto watano;
serikali imemtambua mvivu.

"Mama Somoe, namba ikitoka utapigiwa."
Kwa laini ipi, sikumuuliza.
Nimekifunga kidole kwenye pindo la kanga,
nikatoka nacho.