Pauni Moja

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi,
tanuri la rangi halijapata moto,
wametuita kwenye banda la milango,
watu mia tatu na sita, tusimame
katikati ya milango isiyo na magari.

Bwana mwenye kofia ngumu mpya,
kibandiko cha bei kingali ukingoni,
akasoma: kampuni imepata wenyewe wapya.
Harrowell na Wanawe, Coventry:
ardhi, paa, jina, madeni,
na nembo ya kulungu aliyegeuza shingo,
vyote kwa pauni moja.

Hakuna aliyepiga kelele.
Nyuma yangu mtu akauliza, "Ngapi?"
Akajibiwa, "Moja."
Akauliza tena, kama asiyesikia,
na kweli hasikii, Gwilym Prothero,
miaka thelathini na moja kando ya mashine ya bati.
Nikamwonyesha kidole kimoja.

Mimi kazi yangu ni kupapasa.
Gari likitoka kwenye tanuri huja kwangu,
nalipitishia viganja kama achaguaye mchele:
punje ya vumbi, tone lililoganda, unywele.
Jicho hudanganywa na taa, kidole hakidanganyiki.
Zamani walinicheka
nilivyokuwa nafumba macho mbele ya boneti.
Baadaye hata gari la mkurugenzi waliniletea.

Chai ya kantini ni pauni moja na peni ishirini.
Doreen Tranter akanimiminia, akasema,
"Ningekinunua mimi hiki kiwanda,
chenji nikabaki nayo."
Tukacheka.
Kisha akafuta meza aliyokwisha kuifuta.
Rahisi ghali, walituambia wakubwa zetu.
Hawakusema ghali kwa nani.

Mto wa mji huu unapita chini ya lami.
Nilikaa Coventry miaka miwili sijui kama upo,
mpaka siku moja, nyuma ya maduka, nikausikia
ukiongea ndani ya mfuniko wa chuma.
Huenda na pesa zetu zilipita huko huko.

Kaka yangu alipiga simu toka Tanga:
"Mbona magari yenu hayaonekani tena huku?"
Nikamwambia, hata huku hayaonekani.

Alhamisi wakaja vijana wawili na stika.
Kijani, kitu kinasafiri. Njano, kinabaki.
Kisicho na stika ni chuma chakavu.
Roboti nane, kijani. Kalibu za milango, kijani.
Kantini, njano; sababu hakuna aliyeijua.
Birika la umeme la Gwilym,
alilonunua kwa pesa yake
mwaka aliofiwa na mkewe, kijani.

Akaibandua ile stika kwa ukucha, taratibu,
akatafuta pa kuiweka,
akaibandika kifuani, juu ya jina lake.
"Na mimi nasafiri," akasema.
Kijana mmoja akacheka.
Mwenzake akaandika kitu.

Gari la mwisho lilinifikia Ijumaa, saa nane mchana,
rangi ya samli, bila mlango wa kulia
kwa kuwa milango ilikuwa imeshafungwa kwenye makreti.
Nikafumba macho.
Boneti, safi. Paa, safi.
Chini ya kioo cha nyuma kidole kikasita:
chembe, ndogo kuliko ufuta.

Kanuni inasema zungushia chaki, rudisha.
Kurudisha wapi? Tanuri limezimwa tangu saa nne.
Msimamizi ameshavaa koti.
"Liache," akasema, "nani atajua?"

Nikachora duara.
Wakalisukuma kwa mikono, wanne,
Doreen na aproni yake nyuma yao,
nalo duara langu mgongoni mwa gari,
jeupe, ukubwa wa pauni moja,
likatoka langoni,
na mvua ilikuwa imeanza.