Kabichi Moja

Baba alitoka Aurich, kaskazini kwenye upepo na matope,
ambako kabichi hii huitwa nyekundu.
Mama alitoka Passau, kusini, penye mito mitatu,
ambako kabichi hii hii huitwa ya buluu.
Wakakutana Würzburg, katikati ya njia,
wakapanga vyumba viwili na jiko,
wakaanza kubishana.

Mimi ndiye niliyeikata, na macho hayana pazia:
si nyekundu, si buluu,
ni zambarau, kama goti lililojigonga juzi.

Mwalimu wetu, Bi Szymczak, alituagiza:
katakata, chemsha, chuja,
tia matone katika kila kimiminika cha nyumbani kwenu,
andika unachokiona, si unachokitaka.
Maneno hayo ya mwisho aliyapigia mstari mara mbili.

Basi Jumamosi, mvua ikigonga kioo,
nikapanga vikombe vya mayai
juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za cheri.
Siki ikawaka waridi kabla sijahesabu mbili.
Maji ya ndimu yakafuata, kwa haya kidogo.
Mtindi ukapata rangi ya peremende za bei rahisi.
Maji ya bomba yakaegemea buluu;
maji yetu ni magumu, huacha ukoko kwenye birika.
Kahawa ya jana haikusema kitu.
Magadi ya kuokea yakageuka kijani-buluu,
rangi ya bahari nisiyowahi kuiona,
na unga wa mashine ya kuoshea vyombo
ukaruka hadi kijani, ukaanza kunjanoka,
mama akaninyang'anya kijiko:
"Huo unaunguza."

Baba akaja na soksi zake, akaegemea mlango,
akakitazama kikombe cha siki.
"Nyekundu," akasema, kama mtu aliyeshinda kesi.
Mama, bila kugeuka,
akanyoosha kidole kwenye maji ya bomba.
"Na hicho?"

Ndipo yakatoka ya majikoni:
kumbe bibi wa Aurich hupika kwa siki na tufaha,
bibi wa Passau hutia magadi, ncha ya kisu tu.
Na udongo nao una neno lake:
palipo uchachu jani huiva wekundu,
palipo chokaa huinamia buluu.
Nikawasomea yote kutoka daftarini, kwa sauti ya hakimu.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili,
nikidhani watu wakishajua sababu
huacha ugomvi.

Baba akachukua siki,
akaimimina ndani ya kikombe cha magadi.
Povu likapanda, likafurika, likapita juu ya cheri,
likadondokea soksi.
Walicheka mpaka mama akakaa sakafuni.
Kisha wakaendelea kubishana
miaka ishirini na sita.

(Daftari ninalo bado. Bi Szymczak aliandika kwa wino wa kijani:
*Kahawa: izimue kwa maji, kisha uiulize tena.*)

Baba tulimzika Februari, ardhi ikiwa ngumu.
Jumapili ya tatu nilimkuta mama jikoni,
sufuria inatokota,
na tufaha limemenywa, jambo ambalo hakuwa akilifanya.
Akapanda kigoda, akafungua kabati la juu,
akashusha chupa ya siki, ile ya baba,
yenye kifuniko kinachonata.
Hakupima.
Nikaona rangi ikigeuka pembeni kwanza,
kisha katikati, pale mwiko ulipopita,
mpaka sufuria nzima ikawa nyekundu,
nyekundu ya Aurich, isiyo na ubishi.

Sikusema neno. Nilipakua viazi.
Tukaketi, sahani mbili,
mvuke ukitia ukungu miwani yake.

"Nisogezee," mama akasema, mkono umenyooka,
"hiyo kabichi ya buluu."